Nilivyokuwa Mfuko wa Baba wa Bibi Harusi

Niliondoka Chumbageni asubuhi moja sina pa kwenda, kwa sababu ya kukoroma kwangu. Binamu yangu aliyenipa kitanda alikuwa na subira kuliko mke wake, na mke wake alikuwa na subira kuliko mbuzi wao, lakini mwisho hata mbuzi alihama uani akawa analala barabarani. Ndivyo makazi yangu yalivyokuwa yakiishia. Shule niliiacha mapema, kazi ya mkonge ikaniacha mapema zaidi, na vyumba vilinitapika baada ya usiku mmoja. Nikafunga kikoi na shati langu la pili, nikaenda mjini kutazama watu, maana kutazama hakuna kodi.

Nilifika kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza saa na redio. Watu walijaa mlangoni. Ndani alikaa mzee mmoja, waya umemtoka sikioni ukashuka hadi kwenye kisanduku alichokishika kwa mikono miwili kama yai. Ilikuwa mashine ya kusaidia masikio kusikia. Sikuwahi kuiona maishani, nikapenya hadi mbele.

Mwenye duka alimpa mbili ajaribu, moja kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia na moja ndogo kama kiberiti. Mzee akachagua ile kubwa. Alisema masikio yake yamelala miaka mingi, kitu kidogo hakitayaamsha. Kisha akatajiwa bei, akaisikia vizuri mno. Palepale akachomoa kile kijidude cha sikioni, akakilaza mezani, akaanza kupatana akiwa kiziwi. Mwenye duka alipaza sauti, akaonyesha vidole, akaapa kwa Mungu, mwisho akachoka na kupunguza. Mzee akarudisha kijidude sikioni, akamshukuru kwa upole.

Akapewa na masharti ya kuitunza. Mashine isiingie maji, isianguke, kile cha sikioni kifutwe nta kwa kitambaa kikavu, na kila usiku betri itolewe, la sivyo itajimaliza bure. Mzee alishika nusu ya maneno hayo. Mimi niliyashika yote, nikamrudishia tulipotoka nje, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kuniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia sijui.

"Basi twende kwangu Maramba," akasema. "Mimi nitasahau, wewe utanikumbusha."

Ndani ya basi alinieleza shida yake, kwa sauti iliyolieleza basi zima. Alasiri ileile alikuwa anamwoza binti yake kitinda mimba. Alipomwoza dada mkubwa wa binti huyo, alitamka maneno ya nikaha vizuri, ila hakumsikia bwana harusi akikubali. Akauliza tena. Akauliza tena na tena, hata watu wa upande wa pili wakadhani anakataa, wakaanza kutafuta viatu vyao. Tangu siku hiyo mdogo wake mzee huyo alikuwa akitangaza kwamba safari hii yeye ndiye atakayekuwa wakili wa kuozesha, kaka akae mkekani angoje pilau. Lakini binti alisema anataka kuozwa kwa kinywa cha baba yake mwenyewe. Mzee aliponiambia hivyo alikipapasa kisanduku chake.

Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge mashine ikapiga mluzi. Dereva akafunga breki, maana filimbi ya kondakta ndiyo iliyokuwa amri ya kusimama. Hakuna aliyeshuka. Tukaondoka, ikapiga tena, tukasimama tena katikati ya mkonge mtupu. Dereva akamtukana kondakta, kondakta akaapa kwamba filimbi yake iko mfukoni. Mwenye mashine ndiye pekee aliyekuwa ametulia. Nikachunguza, nikagundua kwamba kijidude kikilegea sikioni ndipo mashine hulia. Nikawa nakisukuma ndani kwa kidole kila tulipopita shimo, na barabara ile ilikuwa mashimo matupu.

Nyumbani kwake tulimkuta mkewe na kanzu. Bibi yule alikuwa na sifa ya kupiga pasi kijiji kizima. Alikuwa ameitia kanzu hiyo wanga wa muhogo hata ungeiacha katikati ya chumba ingesimama yenyewe ikusubiri. Mzee akaivaa, kisanduku akakitia mfuko wa kifuani, tukatoka barazani kwa wageni. Shehe alikuwa ameshakaa. Bwana harusi alikuwa mkekani, mwembamba, jasho linamtoka.

Mzee akainua mkono kumwamkia shehe, akashtuka. "Nani anachoma makuti?"

Kila mtu akatazama darini. Mmoja akakimbilia ndoo ya maji. Hapakuwa na moshi. Mzee akaketi, akashtuka zaidi, akasema moto umeshika nyumba nzima. Mdogo wake, mtu mnene mwenye tabasamu, akamsogelea na kumpazia sauti.

"Kaka, mashine yako inasikia Jehanamu. Niachie mimi."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaanza kuuvuta ule waya atoe kijidude sikioni. Pazia la upande wa wanawake likasogezwa kidogo.

Mimi sikuweza kuvumilia kutojua moto ule unatoka wapi. Nikamshika mkono asikitoe, nikalaza sikio langu kifuani kwake mbele ya wageni wote. Alipopumua nikasikia ka-ka-ka. Ilikuwa kanzu. Wanga wa bibi ulikuwa unakwaruza kisanduku, na mashine ilikuwa inasikia kanzu tu, haina nafasi ya mtu mwingine.

Nikasema abadilishe nguo. Bibi akajibu nyuma ya pazia kwamba mumewe hatamwoza binti akiwa amevaa kanzu ya kulimia, hata kama ataishi kiziwi hadi kiama. Basi nikakitoa kisanduku mfukoni, nikakiweka kwenye kiganja changu, nikaketi goti kwa goti kati ya mkwe na bwana harusi.

Shehe akanitazama. "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mfuko wangu," akasema mzee.

Shehe akafikiri, akaona mfuko hauharibu nikaha. Mzee akamshika mkono bwana harusi, akatamka maneno yote ya kumwoza binti yake. Kijana alikuwa ameonywa na jamaa zake kuhusu masikio ya mkwe. Akavuta pumzi, akasema "Nimekubali" kwa sauti iliyorusha kuku.

"Taratibu, baba," mzee akamwambia. "Nimesikia. Tena nimekusikia ukimeza mate."

Nyuma ya pazia vikapasuka vigelegele, na mzee akafumba macho akavisikiliza hadi vilipoisha. Mdogo wake alikaa mkekani akangoja pilau.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, mzee akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia ukweli, pamoja na habari za mbuzi. Akanionyesha chumba kinachopakana na chake, ukuta wa udongo umeachia tundu juu. Nikamwambia bora nilale mbali.

"Betri si hutolewa usiku?" akaniuliza.

"Hutolewa."

Akafungua kisanduku, akaitoa, akanikabidhi niitunze. Bibi, aliyekuwa akikunja mkeka, akauliza yeye je, asiye na betri ya kutoa, atalalaje. Mzee hakumsikia, akaniletea mto.