Mama Safta na Kisu cha Mkate

Alizaliwa Safta binti Ilie mwaka 1858 katika kijiji cha Lunca Salciei, Moldova, akaolewa na Vasile, mtengeneza mapipa. Mwaka 1889 jirani yao, Toader Huțanu, alimchoma Vasile kisu katika ugomvi wa mpaka wa shamba, akamuua, naye akafungwa miaka ishirini katika gereza la wilaya. Safta hakuwa malaika. Kwa miaka mitatu alimlaani Toader kila asubuhi kabla ya sala, na pengine baada ya sala pia.

Wito ulimjia Jumamosi ya Marehemu, siku ya kugawa mikate kwa ajili ya wafu, mwaka 1892. Kwa kukosa maskini wa kuwapa mikate ya kumwombea mumewe, aliiacha kwenye lango la gereza. Alipofika nyumbani akajuta, kwa kuwa mkate wa marehemu hupokewa mkono kwa mkono, na mpokeaji humtaja aliyekufa; vinginevyo haumfikii. Kesho yake akamwendea mkuu wa gereza, akaomba kuingia awape wafungwa mikate kwa mkono wake.

“Humo ndani hamna watakatifu, bibi,” mkuu alimwambia.

“Huku nje pia hawapo. Fungua.”

Akafunguliwa. Baadaye wanawake wa kijiji wakamfuata kila Jumamosi, kila mmoja na marehemu wake. Wafungwa, waliozoea kuitwa kwa namba, sasa waliulizwa majina na kukabidhiwa wafu wa kuwaombea. Ngumi zikapungua, na chumba cha adhabu kikakaa kitupu mwezi mzima. Toader peke yake hakutoka kwenye kona yake, wala Safta hakumwita.

Majira ya kuchipua ya 1894, kisu cha kukatia mikate kilitoweka. Mkuu akaapa, “Kisipoonekana kabla ya kengele ya adhuhuri, hamtalikanyaga tena lango hili!” Wanawake wakakimbilia mlangoni. Safta akabaki kwenye benchi, akiimega mikate kwa vidole.

Ndipo Toader akaja, kisu mkononi, akamnyooshea upande wa mpini.

“Nimemnyang'anya mwenzangu. Kata, mama. Na mimi unipe.”

Safta alikata mkate, akampa.

“Mungu amsamehe Vasile,” Toader akasema, akalia.

“Sasa mkate umemfikia,” Safta akajibu.

Safta alifariki mwaka 1917. Jeneza lilibebwa na watu sita waliowahi kufungwa, Toader akiwa mbele. Husimuliwa kwamba mkate wa maziko yake ulikaa laini siku arobaini. Mwandishi huyu hakuuonja. Lakini wanawake wa Lunca Salciei bado huenda gerezani kila Jumamosi. Anayetaka kumuenzi asiishie kuwasha mshumaa: achukue mkate, ampelekee mtu ambaye mkono wake yeye mwenyewe asingependa kuugusa.