Utingo wa Kulia

Alasiri ile mama alikuwa uani anafunga magunia ya mchele wa kwenda kuuza Geita, mdogo wangu mgongoni, na mimi nilikuwa sebuleni nabishana na baba kuhusu gemu ya magari. Alfajiri yake wangepanda lori wote watatu, baba kwenye usukani. Lori lilikuwa la tajiri wake, Mhindi mwenye duka la saruji na mabati pale Shinyanga mjini, na baba alikuwa akimwendeshea tangu sijaanza shule.

Mashine ya gemu aliileta kaka yangu. Alikuwa anachimba almasi Maganzo, akapata kijiwe cha kueleweka, na badala ya kuezeka nyumba kama watu wenye akili zao akanunua runinga na gemu, akatuachia, akarudi zake machimboni. Mama alinuna wiki nzima. Nikabaki nayo mimi, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, na Kiingereza cha kwenye kioo nilikuwa nakisoma.

Baba hakuwa na habari nayo. Mimi ndiye niliyemshikisha ile pedi ya kuchezea, nikajifanya natania: dereva mzima, hebu tuone. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wasiwasi uliokuwa unaninyima hata hamu ya kula. Lori lilikuwa limerudi na kioo cha pembeni kimevunjika, upande wa kulia. Akasema ng'ombe. Halafu likarudi bampa imebonyea, kulia tena. Akasema nguzo ya geti. Mama alimwamini. Mimi sikuweza.

"Chagua gia," nikamwambia. "Kuna otomatiki na kuna ya kubadilisha mwenyewe."

"Otomatiki ni ya wagonjwa. Weka ya mkono."

"Na unataka kuonaje? Unaweza kuliona gari lote kwa nyuma, au uone barabara tu, kama umekaa ndani."

"Tangu lini dereva akaona mgongo wa gari lake, mayu, binti yangu? Weka ya ndani."

Gia alibadilisha kwa sikio, kama kwenye lori. Injini ikilia anapandisha, ikikohoa anashusha, na hakukosea hata mara moja. Nikaanza kupumua. Lakini kila ukuta uliokuwa kulia aliugonga. Wa kushoto anaukwepa vizuri kabisa, wa kulia anauvaa, tena bila hata kupunguza mwendo. Namba ya gia ilikuwa inawaka chini kwenye kona ya kulia, kubwa tu, nikamuuliza yuko gia ya ngapi. Akasema gia haiangaliwi, inasikilizwa.

Nikamwambia labda ni vidole, havijazoea vitufe. Nikaweka otomatiki, akakubali kwa shingo upande. Akagonga. Basi labda ni ile picha ya ndani, nikaweka ya kuliona gari kwa nyuma. Gari jekundu likaja kutoka kulia, nililiona mimi tangu mbali, yeye akashtuka limeshamkata mbele.

"Huyu katokea wapi?"

Nilikuwa naomba Mungu iwe ni gemu mbovu.

Ndipo akacheka kidogo, akapapasa mkeka. "Njoo ukae hapa kulia kwangu, uwe utingo. Uwe unaniambia kulia kukoje."

Mtoto wa dereva anajua utingo anakaa wapi. Anakaa kushoto, achungulie upande ulio mbali na dereva, aite "kushoto safi" lori linapopishana na mikokoteni. Kulia ni kwa dereva mwenyewe. Dirisha ni lake, na magari yanayokuja yote yanapita hapo. Sijawahi kusikia dereva akiomba utingo wa kulia.

"Baba," nikasema, "kwenye lori kulia kwako ni mlango. Atakaa nani huko?"

Akaendelea kubonyeza vitufe. Gari limesimama ukutani, yeye anabonyeza tu.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya masika." Alisema taratibu, mama asisikie. "Macho yote mawili. Upande wa kulia umejaa ukungu. Nikigeuza shingo naona."

"Na mama unampakia hivyo hivyo? Na mtoto?"

"Nikisema, tajiri anampa mtu mwingine lori. Tutakula nini?"

Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Nikamwambia watu hawafi kwa njaa siku moja. Nikamwambia asiposema yeye naenda dukani kwa tajiri kusema mimi, sasa hivi, na anipige akitaka. Baba yangu hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo na binti yake. Aliweka pedi chini, akaniangalia, na niliona anavyogeuza kichwa chote ili anipate.

Mama akachungulia mlangoni, kamba mkononi. "Baba watoto, kesho nikae mbele na wewe, au nyuma kwenye magunia?"

Baba akanitazama, akingoja nimsaidie. Nilitamani kumsaidia. Nikamwachia aseme mwenyewe.

"Fungua magunia," akamwambia. "Mimi sioni, mama watoto."