Rangi Kichwani kwa Lemayian

Nilikwenda kijijini Endulen kuomba radhi kwa kosa la utotoni. Hapa Karatu natengeneza sanaa za mwanga za nje, zinazotegemea jua tu. Mwezi uliopita nilipaka ubao rangi nyeusi, nikaunyunyizia zile chembe za kioo zinazofanya mistari ya barabarani ing'ae usiku. Ulipokauka nilisimama mbele yake, jua likiwa mgongoni. Duara la rangi za upinde wa mvua likazunguka kichwa cha kivuli changu. Nilipomwonyesha fundi mwenzangu, Bura, aliyesimama kando yangu, akabisha: "Acha utani, liko kwangu." Maneno hayo niliwahi kuyasikia.

Tukiwa darasa la sita, tulipelekwa kutazama kreta, lile shimo kubwa la volkano, tukasimama ukingoni. Vivuli vyetu viliangukia ukungu uliokuwa chini, na changu kilikuwa na duara kama hilo kichwani. Lemayian, rafiki yangu wa bwenini, alidai liko kwake. Nilimshitaki kwa mwalimu kwamba ni mwongo. Alichapwa mbele ya wote, na likizo ilipoisha hakurudi shuleni.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Karatu kwa Landrova ya abiria, ubao umefungwa juu. Tulipita geti la hifadhi, tukapanda msituni. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa umejaa, nami sikuwa na hamu ya kuutazama.

Saa kumi jioni nilifika Endulen, kwenye boma la Lemayian. Alikuwa akikoroga dawa ya kupe kwenye ndoo.

"Sopa, mtu wa Mbulumbulu," alinisalimu kwa Kimaasai, akiniita kwa jina la kijiji nilikozaliwa. "Umenenepa."

"Ipa," niliitikia. "Nimekuletea kitu."

Niliegemeza ubao kwenye ua, jua nyuma yetu, tukasimama bega kwa bega. Alisogeza kichwa huku na huku, akitazama kivuli chake.

"Liko kwangu," alisema. "Wewe unaliona wapi?"

"Kwangu. Kwako naona kivuli tu."

"Ndivyo nilivyomwambia mwalimu, labda kila mtu anaona la kwake. Akaniongezea fimbo mbili."

Nilimwomba radhi. "Yamepita," alisema. Kisha akaokota chupa ya dawa. "Hebu nisomee, ni Kiingereza. Mwanangu yuko shule, huwa nakadiria kipimo tu. Mwaka jana ndama watatu walikufa."

Nilimsomea mara mbili. Alimwaga yote ya kwenye ndoo, akaanza upya.

Kesho yake nilirudi bila ubao. Bura aliuliza kama nimesamehewa. Ndiyo, nimesamehewa, na bado naumia. Siku ile ya darasa la sita, pale ukingoni, sikuhitaji elimu yoyote ya mwanga. Nilihitaji kumwuliza rafiki yangu anaona nini, kisha nimwamini.