Kibuyu cha Kigen

Kila Jumamosi Mama husugua vibuyu vya maziwa kwa mkaa, akiimba nyimbo za kanisani polepole, vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Kibuyu cha ndugu yangu Kigen, Mungu amlaze pema, hukisugua cha mwisho. Hakuna aliyekinywea tangu Kigen auawe mjini Burnt Forest, katika fujo za baada ya uchaguzi.

Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za Boston, Marekani, Jeruto, binti wa jirani, alikuwa huko akikimbia. Siku ya kurudi kwake, mtaa ulikubaliana asipokewe kwa shangwe. Felix wa duka alimkuta Mama mlangoni, kibuyu cha Kigen kimejaa mursik, maziwa ya mgando tunayowapokelea wakimbiaji wetu.

"Mama, watu wamekufa huko. Utapeleka maziwa kweli?"

"Hao nimewaombea tangu asubuhi. Lakini wangu nilimpokea ndani ya sanduku, Felix. Huyu anakuja kwa miguu yake, halafu nikae jikoni?"

Kwenye uwanja wa ndege majirani, Felix akiwemo, walisimama bila wimbo. Jeruto alikitazama kibuyu, akasita.

"Si ni cha Kigen?"

"Leo ni chako. Kunywa, mama."

Akanywa. Mama akapiga vigelegele, vya kwanza tangu tumzike Kigen, na wa kwanza kuitikia alikuwa Felix.