Jiwe la Zamu Yetu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na binti wa jirani yetu wa zamani, kule kijijini, njia ya Yiti. Falaji inakarabatiwa ili wageni waje kuitazama, akaniambia, na wanataka mawe ya zamu yarudishwe yalipokuwa. Wazee waliokuwa wakiyajua wamekwisha. "Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa pale na kivuli," akasema. Nikaitikia vizuri tu, nikakata simu upesi. Ngoja nikueleze kwa nini.

Falaji ni mfereji. Yetu ilichimbwa kwa mikono na watu ambao hata bibi zetu hawakujua majina yao, ikayaleta maji kutoka chini ya jabali hadi kijijini bila mashine yoyote. Juu kabisa tulichota ya kunywa, chini yake msikiti, kisha chumba cha kuogea wanawake, na mwisho mashamba ya mitende. Mashambani maji yaligawanywa kwa kivuli. Nguzo ilisimamishwa uwanjani na mawe yakapangwa ardhini. Kivuli kikigusa jiwe lako, unatoa kizibo cha matambara, maji yanaingia kwako na ya jirani yanakatika. Ukiikosa zamu, hairudi mpaka siku ya nane.

Bibi yangu hakuuzoea mpango huu hata kidogo. Alirudi huku jangwani kwa mababu, kutoka Unguja, akiwa mtu mzima, na kwake yeye maji yalikuwa kitu cha kushuka kutoka mawinguni. Basi akapanda migomba! Kijiji kizima kilimcheka. Jioni alikaanga ndizi za sokoni, nyumba nzima ikanukia, akaniahidi kwamba zetu zitakuwa tamu zaidi. Majani yalipoanza kukauka alisimama akiyapapasa. "Subirini wanangu, nnakuleteeni maji," akayaambia, na nikaona analia.

Nilikuwa na miaka tisa, na kukiangalia kivuli ilikuwa kazi yangu. Siku moja watu walipokwenda kusali adhuhuri, nikalisogeza jiwe letu shubiri moja, kukilaki kivuli. Ndivyo ilivyokuwa, kwa sekunde chache tu.

Migomba ikachipua. Na kila siku ya nane maji yakawa yanakatika kwa jirani kabla ya kuufikia mndimu wake wa mwisho. Alikuwa mjane, ndiye aliyenipa tende na kikombe cha kahawa nikikaa juani. Akalalamika. Msimamizi wa falaji akaja, akatazama kivuli, akatazama jiwe, akasema kila kitu kiko sawa. Akalalamika tena na tena, mpaka watu wakaanza kukonyezana. Mimi nilikuwa pale pale, miguu ndani ya maji, samaki wadogo wakinidonoa vidole, na sikufungua mdomo. Kila mara nilijiambia nitalirudisha zamu ijayo. Mndimu ukakauka, jirani akaacha kuja shambani, nasi tukahamia mjini. Bibi alikufa akiisifia migomba yake.

Juzi nikaenda. Visima vya pampu vimeyanywa maji yote, na mitende yetu imebaki vigogo. Mferejini watatia maji ya bomba, yazunguke. Nilikaa ukingoni nikitafuta ule mlio wa maji kwenye kona ya msikiti, mlio nilioulalia utoto wangu wote, nikasikia magari ya barabarani. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Binti wa jirani alinisubiri penye nguzo na chupa ya kahawa. Naye sasa ana wajukuu. Kiswahili alikiokota jikoni kwetu, enzi zile. Nikalichukua jiwe letu, nikaliweka mahali pake pa haki, kisha nikamweleza yote hali nimechuchumaa, maana sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa tayari anitukane.

"Mama alisema jiwe limetembea," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia, mbele za watu, akili zimemtoka. Nikaufunga mlango wa shamba, wallah, kwa mkono wangu huu. Akakaa nyumbani mpaka alipokufa."

Nikamwomba radhi. Akaniuliza nililisogeza mpaka wapi, nikamwonyesha. Akapiga magoti, akatandaza kiganja ardhini apime ile shubiri moja, na hakukiondoa.