Ripoti ya Mabao Matano

Nilikuwa nakunywa chai mkahawani pale Al Qabil, basi la chuo likasimama. Vijana walikuwa wanarudi kutoka mechi Sur, wamefungwa matano bila, siku ya tatu ya Idi. Mwalimu wao wa mpira akakaa karibu yangu, akaanza kumuandikia mkuu wa chuo ripoti. Mimi kusoma nimejua mwaka jana tu, darasa la watu wazima, basi maandishi hayanipiti. Nikasoma: "Golikipa alikuwa mzito. Naomba atolewe kwenye timu."

Golikipa mwenyewe akaja na kikombe chake, akaiona ile ripoti.

"Kweli mwalimu, nilikuwa mzito. Nimekula shuwa, nyama ya Idi ya kuokwa shimoni, siku mbili, wallahi. Wacha iandikwe."

"Nishaandika."

"Lakini nani alikubali tucheze Idi ya tatu? Na jana kwetu, nani alirudia sahani ya shuwa mara mbili, akamsifu na mama?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alijipangusa mdomo, kama mafuta ya jana bado yapo, akaukata ule mstari. Akaandika upya, pole pole, hata nami nikamfuata herufi kwa herufi: "Siku ya mechi niliikubali mimi. Wachezaji walikuwa wazito, na mimi pia."

Akamsogezea kijana asome.

"Haya, mwalimu. Kesho mazoezini mimi wa kwanza kufika."

"Wa pili," akasema mwalimu.

Tangu nijue kusoma nimeshasoma vibao, magazeti, hata makaratasi ya dawa. Neno "mimi" nimeliona kwingi, lakini penye lawama nililiona mara ya kwanza siku ile.