Kwa Waosha Karoti wa Malindi

Nina duka la vifaa vya umeme Korogwe, na kati ya mteja wa balbu na mteja wa waya huwa naandika. Riwaya yangu ilikuwa imerudishwa tena na mchapishaji, safari hii bila hata neno la pole, nikamwambia mke wangu kwamba sasa basi: karatasi zile nitafungia misumari. Hakubishana. Aliniwekea mbele kitabu cha mama mmoja mkulima wa Malindi, kule juu Lushoto, akasema, "Nilimsikia redioni. Huyu naye walimrudishia. Kamuulize alifanyaje."

Kitabu kile nilikianza kwa kijicho, nikakimaliza kwa heshima. Namba ya mwandishi nikaiomba kwa mwenye duka la vitabu. Mama Hoza, ndivyo anavyoitwa, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Njoo Jumatano, baba. Ndiyo siku yetu ya karoti. Na mswada uje nao."

Mombo, asubuhi, niliiacha barabara kuu nikapanda gari la kwenda milimani. Muuza mitumba aliyekaa kando yangu alivaa sweta tukiwa bado kwenye joto la stendi, nikamcheka kimoyomoyo. Kona baada ya kona tukapanda, na tulipofika Soni, penye maporomoko, mimi ndiye niliyekuwa nimejikunyata na yeye anatabasamu. Mgeni ni mgeni tu, hata akitoka bondeni hapo chini.

Lushoto mjini nilikunywa chai, nikanunua peasi za zawadi. Kisha pikipiki ikanipitisha Magamba, katikati ya msitu na ukungu, bahasha ya mswada nikiwa nimeivalia koti juu yake.

Malindi nilifika kabla ya adhuhuri, nikaona uani kwa Mama Hoza miti ya peasi imeinama kwa kuzaa. Alizipokea zangu kwa mikono miwili, bila kucheka, na kwa hilo peke yake nilimpenda. Ni mwanamke mrefu, mwenye matope mpaka magotini na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Twende mtoni," akasema. "Gari la sokoni linakuja jioni."

Mtoni palikuwa na majirani zake wanne na mama mkwe wake, bibi mdogo wa umbo, wote wameinamia mabeseni, karoti zimerundikana nyuma yao. Nilimwamkia bibi shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akajibu, macho kwenye karoti yake.

Nikamuuliza Mama Hoza alifanyaje.

"Waliponirudishia mara ya pili nililia, nikaacha," alisema akisugua. "Siku moja hapa kazi ilikuwa nzito, nikawasomea wenzangu ukurasa, kupitisha muda tu. Pale nilipodhani watalia, wakaendelea kuosha. Pale nilipopita haraka, mikono ikasimama. Nikasema, kumbe."

Tangu hapo kila siku ya karoti aliwasomea. Mikono ikisimama, aliacha kama palivyo. Mikono ikiendelea, alirudi nyumbani akaandika upya. Alifanya hivyo masika na vuli, kitabu kizima, kisha akaanza tena mwanzo.

"Ulijuaje kimeiva?"

Alimwonyesha mama mkwe wake kwa kidevu. "Siku aliponigombeza. Gari limefika, karoti hazijaoshwa hata nusu. Akasema, 'Hicho kitabu chako kitatuozea mazao.' Kesho yake nikakipeleka posta."

Nilimtazama Mama Hoza nikaona aibu ya kununa kwangu. Mimi mswada wangu hata mke wangu hajausikia kwa sauti.

"Haya, baba," akasema. "Soma."

Nikasoma. Sura yangu ya kwanza ni mapambazuko juu ya mto Pangani, na nilikuwa nikiipenda kuliko zote. Karoti zikaendelea kuoshwa. Mmoja akaomba asogezewe gunia. Wawili wakaanza kuzungumza kwa Kishambaa, kwa adabu, chinichini. Nilitoka jasho katika baridi ile.

"Ruka mbele," Mama Hoza akaniambia kwa upole.

Nikafungua katikati, pale baba anapong'oa mlango wa nyumba yetu ili wambebee juu yake jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, wampeleke hospitali, nasi watoto tukalala nyumba ikiwa wazi. Nilisoma bila matumaini. Nilipomaliza nikasikia mto tu. Niliinua macho: mikono yote ilikuwa majini, imetulia.

"Mlango ulirudi?" bibi akauliza.

"Bado sijaandika, bibi. Sura inayofuata nimeshakuwa mtu mzima."

"Na yule mama? Alijifungua?"

"Nalo sijaandika."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa mwanangu, unatuachaje tulale mlango wazi?"

Honi ya gari la sokoni ikalia barabarani; kumbe jioni ilikuwa imefika. Karoti zilibaki lundo zima, na bibi akaanza kunigombeza kwa Kishambaa. Mama Hoza akaacha kusugua, akacheka mpaka akavua miwani. Nami niliinama nikaosha pamoja nao, sijawahi kugombezwa nikafurahi hivyo.

Nikishuka Soni kesho yake sikuangalia maporomoko, nilikuwa naandika magotini. Nilikwenda kutafuta siri ya kuwapata wachapishaji, nikamkuta mwanamke aliyekuwa na subira ya kusikiliza kwanza. Namstahi kuliko nilivyowahi kumstahi mwandishi yeyote, na siku hizi jioni humsomea mke wangu akichambua maharage, jicho langu likiwa kwenye vidole vyake.

Mapambazuko ya Pangani nimeyafuta. Riwaya sasa inaanza baba akiung'oa mlango. Jumatano iliyopita Mama Hoza alinipigia, maji yakisikika nyuma yake. "Bibi anauliza," akasema, "mlango umerudi?"

Nikamwambia amwambie uko njiani.